Goli la Ganza na Bendera ya Gabriella

Dzaleka, 13 Aprili 2025

Mama Gabriella,

Nakuita mama kama kawaida, kwa kuwa jina ulilobeba ni la mama yangu, na sijawahi kuweza kumgombeza mtu mwenye jina hilo. Sisi huku tuko wazima. Goti la mama yako mdogo Jeannette linamsumbua asubuhi, likipata joto linanyamaza. Orpa karibu anamaliza kozi ya ushonaji, na sasa ananirekebisha mimi baba yake. Mvua ilibomoa ukuta wa choo, tumeshaujenga. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu inasomwa na baraza zima. Irangabiye muuza vitunguu akija huko Lilongwe, sokoni Tsoka, atakuletea barua hii.

Sasa nisikilize. Unajua Lumbadzi Rangers wamepanda ligi kuu ya Malawi, na mshambuliaji wao ni Ganza, mtoto wa hapa kambini kwetu wakimbizi, yule aliyekuwa akivunja vioo vya kanisa kwa mpira. Kambi nzima imekuwa Rangers. Warundi, Wanyarwanda, sisi wa Uvira, watu ambao hawakubaliani hata namna ya kupika maharagwe, Jumamosi wanabanana kwenye saluni ya Nahayo kusikiliza redio. Nahayo ndiye mwenyekiti wa mashabiki, na Jumapili ndiye mwenyekiti wa kwaya, kwa hiyo hatupumziki naye.

Jumamosi hii redio ilikuwa inatangaza mechi ya timu nyingine, kule Blantyre. Mtangazaji akasema kwa Kichewa kwamba goli limekataliwa, mshika kibendera ameona mtu ameotea, na huyo mshika kibendera ni mwanamke, anaitwa Gabriella, amekulia Dzaleka. Wembe wa Nahayo ulisimama kichwani kwa mteja.

"Tonton Sylvain, uyu si mutoto ya kaka yako?"

"Njo yeye," nikajibu. Niliporudi nyumbani nilitembea polepole sana, ili kila mtu apate nafasi ya kunisalimia.

Hukuniambia kwamba umefika ligi kuu. Mimi nilijua unashika kibendera kwenye mechi za shule. Basi niambie, utakuwa kwenye mechi gani ya Rangers? Niambie mapema, nitavaa koti.

Baba yako mdogo,
Sylvain


Mchesi, Lilongwe, 4 Mei 2025

Baba mdogo mpendwa,

Barua yako imefika ikinuka vitunguu. Nimefurahi kusikia mko wazima, na mwambie mama mdogo asichote maji mapema, goti halipendi baridi. Mimi sijambo. Watoto wa chekechea wananimaliza sauti kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Asubuhi nakimbia kabla Mchesi haijaamka vizuri, na waendesha baiskeli za kabaza wananiuliza nani ananifukuza.

Sikukuambia kuhusu ligi kuu kwa sababu niliogopa nitaondolewa baada ya mechi ya kwanza, halafu uwe umeshawaambia watu wote. Nakujua.

Uliwahi kuniuliza nafanya nini pale pembeni. Nitakueleza. Siangalii mpira. Ninamwangalia beki wa mwisho na mshambuliaji aliye karibu naye, nakwenda nao kiubavu, na ninasikiliza. Mguu ukigonga mpira, ule mlio ndio unaniambia "sasa", na picha niliyo nayo machoni wakati huo ndiyo ninayoitolea hukumu. Kwenye kozi walihangaika kutufundisha jambo hilo wiki nzima. Mimi nilikuwa nalo tayari. Wewe ulikuwa unashona huku unaongea na mteja mlangoni, sindano unaifuata kwa sikio, na sauti ikibadilika ulijua uzi umekatika kabla hujauona. Nilikaa miaka yote ile chini ya meza yako nikiokota vifungo, unafikiri sikuona?

Kuhusu mechi, siwezi kusema. Tunaambiwa siku chache kabla, na tunakatazwa kumwambia mtu yeyote. Na wewe ni mtu.

Mwanao,
Gabriella


Dzaleka, 20 Julai 2025

Mama Gabriella,

Usihesabu muda niliokaa kimya. Irangabiye alikuwa mgonjwa, na mimi simwamini mwingine. Amepona, ila amekonda. Baridi ya mwaka huu imeingia hadi kwenye mifupa. Orpa amepata cherehani ya kukodi, tunashona bega kwa bega, na wateja wanapita kwangu wanakwenda kwake. Nahayo ameniletea kitambaa cha kwaya, zambarau, nguo za Noeli za waimbaji wote. Hiyo ndiyo kazi yangu kubwa ya mwaka, nayo inanipa heshima, maana Noeli nzima macho ya kanisa lote yako kwenye mishono yangu.

Ile habari ya sikio na sindano nilimsomea Jeannette. Alisema, "Ona, na we ulikuwaka unamufukuza chini ya meza." Kweli nilikuwa nakufukuza. Nilisoma barua ile tena peke yangu.

Rangers wanatutesa. Walianza vizuri, sasa wanashuka. Mabeki wao wanaanguka wenyewe bila kuguswa. Ganza tu ndiye anayetuweka hai. Juzi alifunga kwa kichwa dakika za mwisho, na kule saluni mtu mmoja alitoka mbio nje na shuka la kunyolea shingoni, akazunguka kisima akarudi akakaa. Msimu ukiisha tukiwa chini, tunarudi daraja la pili na hakuna atakayetutangaza redioni. Ndiyo maana nakuuliza tena, na ninauliza kama mzee wako. Lini wewe na Rangers?

Ukikataa tena sitakasirika. Nitanuna tu.

Baba yako mdogo,
Sylvain


Lilongwe, 31 Agosti 2025

Baba mdogo,

Nuna basi, mama mdogo atakupikia sombe na utacheka. Hongera kwa kazi ya kwaya. Na hongera kwa Orpa, mwambie nataka sketi.

Mwezi huu nilisafiri kwenda kaskazini kwa kazi. Basi lilichelewa, lakini ziwa nililiona njiani na nikawakumbuka mababu zetu wa Uvira. Uwanja wa kule una nyasi nzuri. Nilirudi nguo zimelowa zote, mvua ya ghafla. Nina mafua kidogo na alama ndogo kwenye paji la uso, niligonga mlango wa basi. Hakuna la zaidi.

Timu ya wenyeji ilifungwa. Mwamuzi wa kati aliniambia nilisimama vizuri.

Mwanao,
Gabriella


Dzaleka, 14 Septemba 2025

Mama Gabriella,

Wote wazima. Goti halina neno siku hizi.

Mimi pia ninakaa Malawi. Agosti hakuna mvua.

Sitakuuliza walirusha nini. Nitasema tu kwamba niliisoma barua yako mara mbili, na Jeannette akaniuliza mbona nimeacha chai ipoe. Kuna wanaume wazima hapa kambini ambao mtu akiwakaripia wanahama kanisa. Wewe ulirushiwa vitu mbele ya uwanja mzima, ukabaki umesimama, na ulichokiona cha kuniandikia ni nyasi nzuri. Ninajivunia wewe, mama. Nimeona niandike wazi, kwa sababu kwa mdomo nitashindwa.

Nimekutumia kofia ya sufu kwa ajili ya mafua.

Sylvain


Dzaleka, 23 Novemba 2025

Mama Gabriella,

Amani kwako. Orpa anapokea cheti chake Jumamosi ijayo, tarehe 29, nawe ulimtuma Irangabiye aseme hutafika kwa sababu ya kazi. Tumekubali. Lakini chekechea haifundishi Jumamosi. Na Jumamosi hiyo Rangers wanacheza mechi ya mwisho hapo Lilongwe, na timu ya Blantyre. Wakipata sare wanabaki ligi kuu. Wakifungwa wanashuka. Mimi ni fundi wa nguo, lakini hata mimi naweza kuunganisha vipande viwili.

Sikuuliza, kwa hiyo hukuniambia. Uko salama. Nilimnong'oneza Nahayo tu.

Nahayo akasimama kanisani leo baada ya matangazo. Alisema, "Ndugu, binti yetu atakuwa pale kwenye mustari. Tumuombee asimame upande wetu." Kanisa lote likasimama. Watu walinyoosha mikono kuelekea Lilongwe, na Warundi wakaomba kwa Kirundi, na mzee mmoja akaomba bendera yako iwe nzito siku hiyo. Sijawahi kuona kanisa limeomba hivyo tangu mwaka wa kipindupindu. Nililia, mama. Nilimkumbuka baba yako.

Mama wa kwaya wamechanga ndagala, dagaa zile ambazo wenyeji wanaziita usipa, wamezikausha wenyewe na kukufungia kifurushi. Irangabiye anacho. Kula upate nguvu.

Sylvain


Mchesi, 26 Novemba 2025

Baba mdogo,

Salamu kwa nyumba yote, na hongera kwa Orpa.

Narudisha ndagala. Sikufungua kifurushi. Najua kwetu kurudisha chakula ni kama kumtemea mtu mlangoni, na nimekaa nacho mezani siku nzima nikitafuta namna nyingine. Sikuipata. Chakula cha mashabiki kinachokuja kabla ya mechi siwezi kukila, hata kama kimefungwa na mama mdogo Jeannette kwa mkono wake.

Waambie mama zangu wa kwaya wanisamehe. Ukiona vigumu kuwaambia, waambie mimi ndiye mwenye kiburi.

Gabriella


Lilongwe, 7 Desemba 2025

Baba mdogo,

Natumaini mko wazima. Wiki imepita na sijapata neno lenu. Irangabiye nilimwona Tsoka, akageukia vitunguu vyake kama hanijui.

Redio mlisikiliza, lakini redio haikusema yote, kwa hiyo nakuandikia. Kwanza ujue kwamba niliwaambia wanaopanga waamuzi kwamba mimi ni wa Dzaleka na Ganza ni mtoto wa kwetu. Wakasema nchi hii ni ndogo, wakimwondoa kila mwenye jirani hawatabaki na mtu. Wakaniuliza kama nitaweza. Nikasema nitaweza.

Rangers walikuwa nyuma kwa bao moja. Dakika zilikuwa zinaisha. Mpira mrefu ukatoka katikati, Ganza akachomoka, akamzunguka kipa, akafunga. Uwanja ukapasuka. Upande wangu walikuwa watu wa kambini, wale waliokuja na lori, nilizisikia sauti ninazozijua kwa majina. Walikuwa wanaimba wimbo wa kanisani kwetu.

Nilikuwa nimesimama, bendera iko juu. Kwa muda hawakuiona. Niliwaona wanacheza, na ilinibidi nibaki hivyo, mkono juu, niwasubiri waache kucheza. Hapo ndipo palikuwa pagumu, baba mdogo. Kuinua ni jambo la mara moja. Kubaki umeinua huku watu wako wanakumbatiana ndiyo kazi.

Alikuwa ametangulia. Mwili mzima hapana, bega na goti tu. Nilisikia mguu ukigonga mpira na nikamwona.

Sasa Rangers wameshuka. Naomba uniambie huko nyumbani kukoje. Noeli nimepanga kuja.

Mwanao,
Gabriella


Dzaleka, 14 Desemba 2025

Gabriella,

Salamu. Sisi hatujambo. Jeannette anakusalimia, Orpa pia.

Kazi imepungua kidogo na nimefurahi, macho yangu yalihitaji kupumzika. Watu wanaendelea na mambo yao. Mvua zimeanza, barabara kutoka Lumbadzi imeharibika sana, minibasi zinakwama kwenye matope. Kwa hiyo nimeona usihangaike kuja Noeli mwaka huu. Pumzika huko Mchesi.

Baba yako mdogo,
Sylvain


Mchesi, 18 Desemba 2025

Baba mdogo,

Nimepiga simu kwa Orpa. Usimgombeze, nilimbana.

Ameniambia Nahayo alikuja na waimbaji wawili wakachukua kitambaa cha kwaya, kile ulichokuwa umeshakikata, wakakipeleka kwa fundi mwingine. Ameniambia benchi yako haina mtu siku hizi. Ameniambia siku ile redio iliposema bendera iko juu, ulitoka saluni, na vijana wakakufuata nyuma wakiimba mpaka mlangoni.

Mbona hukuniambia? Ulinitumia matope.

Nimefikiri usiku na mchana. Januari kuna mbio za majaribio, asiyekimbia haingii msimu ujao. Sitakwenda. Nitamwandikia kiongozi wetu kwamba nimejitoa, na wewe waambie watu wa kanisa kwamba nimeacha, labda watakurudishia heshima yako. Kushika bendera ni kitu ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Lakini sikukipenda ili wewe uimbiwe na vijana njiani.

Gabriella


Dzaleka, 28 Desemba 2025

Mama Gabriella,

Usimwandikie mtu yeyote kabla hujamaliza barua hii.

Tuko wazima, na safari hii naandika kweli. Noeli tulikula wali na kuku. Barabara ya Lumbadzi iko nzuri, hata matope hayapo ya kutosha kuchafua kiatu. Niliona aibu na nikakufungia mlango, halafu nikasingizia mvua. Nisamehe.

Jumatano, siku moja kabla ya Noeli, watu wote wakienda sokoni, nikamwona Ganza anakuja na suruali begani. Nikafikiri amekuja kunitukana, nikamwambia Orpa aingie ndani. Ganza akanisalimia kwa mikono miwili. Alitaka suruali ipunguzwe kiuno. Nikamwambia aiache arudi jioni. Akasema, "Hapana, Papa Sylvain, mi nitangojea." Akakaa kwenye benchi, nje kabisa, pale kila anayekwenda sokoni lazima apite.

Unajua mtoto yule alivyo, hata akikaa tu watu wanasimama. Wakajaa. Nahayo akavuka barabara na wembe wake mkononi.

"We Ganza, unafanya nini apa? Mutoto ya uyu muzee njo alituua."

Ganza hakuinuka. Alisema polepole, nami nilizima mashine ili nisikie vizuri.

"Mi nilikuwa mbele, tonton. Nilisikia mupira inapigwa, nikajua nimetangulia. Nilifunga, nikakimbia kushangilia, na ndani ya roho naomba asione."

Nahayo akasema, "Lakini mwamuzi wa kati akuona kitu ata kimoja."

"Bantu bote balikuwa banaangalia mupira. Ye alikuwa ananiangalia mimi. Mwaka muzima mabeki ya ligi ii banashindwaka kunikamata. Ye peke yake alinikamata, na akunigusa hata kidogo."

Halafu akaniuliza kama kiuno kitabana akikaa. Nikamwambia hakitabana. Nilishona ile suruali kwa utaratibu mkubwa, mama, kuliko koti la bwana harusi, na sikutaka imalizike. Nahayo akakunja wembe wake akarudi saluni kwake.

Usifikiri mambo yote yamenyooka. Kitambaa cha kwaya hakikurudi. Noeli waliimba na kola zimekwenda upande, sauti ya tatu wote wanaonekana kama wamelala shingo vibaya. Nilikaa mbele nikaimba kwa nguvu. Ulipofika wakati wa ushuhuda nilisimama, nikamshukuru Mungu kwa mtoto ambaye hata ndagala za kwaya hazikumgeuza shingo. Baadhi walicheka. Jeannette alisema "Amina" peke yake, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Vijana bado wananiimbia, ila sasa wanapita upande wa pili wa barabara.

Benchi yangu itajaa au haitajaa, hiyo ni kazi yangu. Usiniwekee bendera yako mezani kama malipo. Siku ukichoka kukimbia, acha. Siku macho yakikataa, acha. Lakini ukiacha kwa ajili yangu, nitakuwa mimi ndiye niliyekushusha daraja, na hilo sitaweza kulibeba.

Kakimbie.

Baba yako mdogo,
Sylvain


Mchesi, 11 Januari 2026

Baba mdogo mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa mama mdogo na kwa Orpa. Mimi ni mzima, ila miguu haitaki ngazi.

Nimekimbia jana. Nilimaliza nyuma ya wanaume wawili tu, na wote wawili walitapika. Jina langu limepita. Barua yako ilikuwa ndani ya soksi, imelowa jasho, sasa haisomeki vizuri, lakini ninaijua.

Kuna jambo ambalo sikumwambia mtu, hata kwenye ripoti, kwa sababu ripoti haina mahali pake. Siku ile mpira ulipopigwa nikamwona Ganza ametangulia, kabla mkono haujainuka, na mimi niliomba. Niliomba niwe nimekosea. Niliomba goti lake lirudi nyuma hata upana wa kidole, kwa sababu nilikuwa nalitaka lile goli kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye lile lori. Nilimwangalia tena, na goti lilikuwa palepale. Mkono wangu ukainuka, baba mdogo, na nilikuwa nalia.

Mwambie Ganza hivyo. Jumamosi nakuja nyumbani.

Mwanao,
Gabriella